STAA ANAKULA BATA ZANZIBAR KWA CHUMBA CHA BURE, BILI ANALIPA NANI?

Leo sina umbea wa nani kaachwa na nani. Leo nina umbea wa hela, tena hela za watu ambao hatuwaoni kwenye picha.

Wiki mbili zilizopita kuna staa mmoja wa kike, jina simtaji maana mnamjua na mimi sina hela ya wakili, alitupia video kama sita hivi kutoka Zanzibar. Bwawa linaangalia bahari, kifungua kinywa kinaelea majini kwenye sinia, maua ya waridi kitandani, na maneno chini yake ya kutukumbusha kwamba hela zinatafutwa ili zitumike. Kamenti zikafurika. Wengine wakamwita malkia. Wengine wakaanza kupiga hesabu kwamba kwa siku nne pale lazima kaacha mamilioni. Na wengine, wale wenzangu na mimi, wakaandika tu kwamba wao kodi ya chumba Mbagala bado inawatoa jasho.

Siku tatu baadaye ikavuja kwamba hakulipa hata mia. Ilikuwa kolabo. Hoteli imempa chumba, yeye kawapa posti. Hapo ndipo mitandao ikalipuka. Kumbe bata la bure! Kumbe anatudanganya! Kumbe hana kitu!

Mimi nimesoma zile kamenti karibu zote, na nataka niseme kitu ambacho sikukiona hata kwenye moja. Mmebishana kama staa ana hela au hana. Hakuna aliyeuliza yule dada aliyepanga yale maua kitandani alipata nini siku zile nne.

Najua kwa nini naliwaza hili. Na mimi nimeshakula cha bure.

Mwaka juzi, wakati kaukurasa kangu kameanza kuchangamka, hoteli moja ya upande wa mashariki wa Unguja ilinifuata inboksi. Siku mbili, watu wawili, vyakula vyote, mimi niposti mara nane. Kijana niliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani miaka mitatu nikisubiri mchongo, mnafikiri nilikataa? Nilimchukua rafiki yangu tukapanda boti. Tulikula pweza, tulikula kamba, tuliagiza juisi tukaacha nusu kwa sababu ni bure. Kuna kaka mmoja alituhudumia siku zote mbili. Alitupiga picha, alibeba meza kutupeleka mchangani ili mwanga wa jua ukae vizuri. Tulivyoondoka tulimpa mkono na neno "asante sana kaka". Basi. Tipu? Tipu ya nini, si hatukulipa kitu?

Narudi Dar najisifu kwa dada yangu mkubwa. Sasa dada yangu anafanya usafi vyumbani kwenye hoteli nyingine kule kule Zanzibar, si ile niliyolala mimi. Nikamwonyesha picha. Akaziangalia, akaniuliza:

"Mliacha shilingi ngapi?"

"Dada, ilikuwa kolabo."

"Najua ni kolabo. Nimekuuliza mliacha shilingi ngapi."

Nikanyamaza. Akanieleza bila hata kukasirika, na afadhali angekasirika. Kwao, wageni wa aina yangu wanawaita "wageni wa sifuri". Maana yake bili yao inasoma sifuri. Kazini kwao kuna mgao wa huduma unaotokana na bili za wageni, na kuna kisanduku cha tipu ambacho wanagawana mwisho wa mwezi. Mgeni wa sifuri anaongeza mashuka ya kufua, anaongeza sahani za kuosha, tena ana mambo mengi kuliko mgeni anayelipa kwa sababu anatafuta picha. Halafu kwenye mgao haongezi kitu. "Mdogo wangu," akasema, "nyie mnakuja kufanya kazi, na sisi tunafanya kazi. Ila nyie mnalipwa chumba, sisi hatulipwi hiyo kazi ya ziada."

Tangu siku hiyo sijawahi kuangalia sinia linaloelea majini nikaona sinia tu. Kuna mtu kasimama kwenye maji kiunoni akilisukuma, kisha katoka haraka ili asionekane kwenye video.

Sasa twende kwenye hesabu, maana watu wanadhani utalii ni mtalii anakuja na dola mfukoni anazigawa ufukweni. Ingekuwa hivyo Nungwi na Paje kusingekuwa na nyumba ya makuti inayovuja.

Tuchukue mfano wangu mwenyewe wa chumba cha dola 200 kwa usiku. Mgeni akikipata kupitia mitandao ya kubuku kama Booking.com, kamisheni mara nyingi ni kama asilimia 15, na wapo wanaokatwa zaidi. Hapo dola 30 imeondoka kabla mgeni hajavua viatu. Inabaki 170. Toa kodi za Serikali. Toa umeme, na Unguja umeme wake mkubwa unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara, ukikatika unawasha jenereta na dizeli si maji. Toa chakula, ambacho viazi na vitunguu vyake vingi vinavuka bahari pia. Toa rejesho la mkopo wa benki. Toa faida ya mwenye hoteli, ambaye mara nyingi akaunti yake anayoipenda haipo Darajani. Kinachobaki mwishoni kabisa ndicho kinamlipa yule dada wa maua.

Na huyo ni mgeni mzuri, aliyebuku mwenyewe. Kuna wa kifurushi. Huyu yuko zake Warsaw au Milan, analipia huko huko kila kitu: ndege, basi la kumtoa uwanja wa ndege, chumba, chakula, mpaka bia. Wataliano na Wapoland ni wengi sana Zanzibar na wengi wao wanakuja kwa njia hii. Ile hela kubwa mnayosikia kalipa imebaki kwa kampuni ya safari na kwa shirika la ndege. Hoteli ya Zanzibar inapata bei ya jumla waliyokubaliana, ambayo ni ndogo kuliko ile unayoiona wewe ukitafuta chumba. Tena mara nyingi hailipwi siku ile. Mgeni analala, anakula, anaondoka, hoteli inatuma ankara na kusubiri. Yaani hoteli ndiyo inamkopesha tajiri wa Ulaya.

Mnaona natia chumvi? Mwezi Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza, kampuni ya safari yenye miaka 178, ilifilisika usiku mmoja. Wateja kama laki 6 walikuwa safarini. Habari zote zilikuwa za wateja waliokwama, na walirudishwa makwao. Lakini hoteli za Uhispania, Ugiriki na Uturuki zilibaki na ankara za msimu mzima ambazo mdaiwa wake ameshakufa. Wapishi walishapika, vyumba vilishasafishwa. Hiyo ndiyo biashara ya utalii, mtu wa chini anafanya kazi leo kwa hela inayokuja kesho, na kesho wakati mwingine haiji.

Sisi tuliiona yetu 2020. Mwaka 2019 Tanzania ilipata kama dola bilioni 2.6 kwenye utalii. Mwaka 2020 korona ikaishusha mpaka kama dola milioni 700. Kwenye magazeti hiyo ni grafu. Kwetu nyumbani ilikuwa ni dada anashuka bandarini Dar na begi moja na kopo la viungo, kaambiwa ataitwa hali ikitulia. Alikaa miezi saba. Alisuka watu nywele barazani mpaka vidole vikavimba, na mimi nilikuwa nakula ile hela ya kusuka.

Baadaye mambo yakafunguka. Ikaja filamu ya Royal Tour mwaka 2022, Rais Samia mwenyewe kawa mwongoza watalii, wageni wakamiminika. Mwaka 2023 nchi nzima ilipata wageni zaidi ya milioni 1.8, na Zanzibar peke yake zaidi ya laki 6. Vizuri sana, mimi si mtu wa kununa nchi ikipata. Na Serikali kwa upande wake inajua kuchukua chake mapema: mgeni wa kawaida analipa viza dola 50, na tangu Oktoba 2024 akiingia Zanzibar analipia bima ya safari dola 44. Hiyo ni dola 94 hajagusa hata mchanga, na hiyo angalau inabaki hapa hapa.

Sasa linganisha. Kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi Zanzibar kilipandishwa mwaka 2024 mpaka shilingi 347,000 kwa mwezi. Kile chumba changu cha mfano cha dola 200, ukipiga kwa shilingi 2,500, ni laki 5. Usiku mmoja. Anayekitandika kila siku kwa mwezi mzima anaweza asikifikie usiku mmoja wa anayekilalia. Ndiyo maana tipu kwao siyo zawadi. Dada yangu anasema mshahara unalipa kodi na chakula, tipu ndiyo inasomesha mtoto. Mwezi ukiwa na wageni wengi wa sifuri, ada inachelewa. Sasa nyie endeleeni kubishana kama staa ana hela.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana najua kuna watakaosema nawaonea wivu wenye majina. Mimi sisemi kolabo ni wizi. Kolabo ni biashara, na wakati mwingine ni biashara yenye akili.

Chumba cha hoteli ni kama embe lililoiva. Usipoliuza leo, kesho limeoza. Chumba kilichokaa tupu usiku wa Jumanne huwezi kukiuza Jumatano na kudai ni cha jana. Kwa hiyo mwezi wa nne na wa tano, masika imeshika, mvua haikatiki, hoteli nyingine zimefunga kabisa, ukimpa msanii chumba cha bure umepoteza nini? Mashuka na chakula. Ukipata posti moja inayoleta wageni kumi msimu ukifunguka, umeshinda. Hiyo naielewa.

Lakini huyu staa wetu hakwenda masika. Watu wa majina hawapendi mvua. Wanataka Agosti, wanataka Desemba karibu na mwaka mpya, wakati kile chumba kuna mtu mlangoni kashika kadi ya benki anakitaka. Hapo bure siyo bure tena, hapo hoteli imetoa dola 200 kila usiku, ukijumlisha chakula na pombe za wapambe watatu aliokuja nao. Halafu wafuasi wake milioni mbili ni nani? Ni mimi na wewe. Ni wapangaji wa Mbagala, Kawangware na Buguruni. Tunalaiki, hatubuku. Meneja anaangalia laiki laki moja anadhani ni wateja laki moja.

Kwa hiyo hesabu ziko mbili. Masika hoteli inapoteza kidogo, msimu hoteli inapoteza sana. Ila kuna mtu mmoja ambaye masika anapata sifuri na msimu anapata sifuri. Mnamjua.

Mwaka 2018 kule Dublin, Ireland, binti mmoja wa mitandao aliandikia hoteli akiomba chumba cha bure kwa kubadilishana na video. Mwenye hoteli akabandika ombi lake hadharani, akamjibu kwa kumuuliza nani atawalipa wanaosafisha chumba na wanaomhudumia mezani. Dunia ikagawanyika. Yule binti alitukanwa kupita kiasi, na hilo halikuwa sawa. Mwenye hoteli naye akapata umaarufu wa bure ambao angeulipia hela nyingi, tena akamtumia binti ankara ya utani ya zaidi ya euro milioni 5. Kiki zilikuwa za pande zote mbili. Ila lile swali lake lilikuwa swali halali, na mpaka leo halijajibiwa, siyo Dublin, siyo Paje.

Mimi nina jibu langu, na ni rahisi tu. Kama hoteli inasema kolabo ni tangazo, basi ihesabu kama tangazo. Tangazo lina bajeti. Mbao za barabarani zinalipiwa, mpiga picha analipwa, basi na mgao wa wafanyakazi utoke kwenye bajeti hiyo hiyo. Mgeni wa kolabo akiingia, mfumo usisome sifuri. Usome bei halisi ya chumba, mgao wa huduma ukatwe pale, uende kwa waliofanya kazi. Hoteli itasema ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Ilikuwepo siku zote, tofauti ni kwamba mpaka sasa alikuwa anailipa msafisha vyumba.

Na nyie wenye majina, mtanisamehe. Ukipewa chumba cha milioni, huwezi kukosa elfu hamsini ya kisanduku pale mapokezi. Unatoka na mkoba wenye bei ya bodaboda mpya, halafu unamwachia aliyekubebea masanduku manne neno "be blessed"? Na sema ukweli kwamba umealikwa. Kuna msichana huko anakopa kikoba aende alale pale pale ulipolala kwa sababu alidhani ndivyo watu wa umri wake wanavyoishi. Ninao wawili walionifuata inboksi, mmoja bado analipa mpaka leo.

Na sisi watu wa kawaida tuna la kufanya? Lipo, tena bila kelele.

Ukijaliwa kwenda Zanzibar, toka nje ya ukuta. Adui mkubwa wa kitaa cha kule siyo hoteli, ni ile bangili ya plastiki ya mgeni wa kifurushi, kwa sababu ukishalipia chakula chote huna sababu ya kununua cha mtu. Kula urojo mjini. Chukua daladala, au kodi bodaboda ya kijana wa pale. Nunua sabuni ya mwani kwa kina mama wanaoulima, siyo kwenye duka la uwanja wa ndege. Hata papasi anayekuganda ufukweni na miwani ya jua, ukimpa elfu kumi akuzungushe, ile elfu kumi haina kamisheni ya Ulaya. Inalala kijijini usiku ule ule.

Nenda masika kama mfuko wako mwembamba. Bei zinashuka, na unayemkuta kazini wakati huo ana furaha ya kuwa bado yupo kazini. Dada yangu yuko kwenye mkataba wa msimu. Mvua ikianza mwezi wa tatu mwishoni roho yake inakuwa juu juu. Mwaka huu walimwambia abaki kwa sababu kuna kikundi cha walimu kutoka Morogoro kilibuku vyumba kumi na moja. Walimu! Hawakuposti hata picha. Kila chumba kiliacha kitu mezani, wengine elfu mbili, wengine elfu tano, mmoja kaacha karanga na barua ya shukrani. Dada kaitunza ile barua.

Na mimi? Mwezi wa kumi niliandikia ile hoteli iliyonipa cha bure, nikaomba namba ya yule kaka wa meza ya mchangani. Wakasema aliondoka, mkataba wake uliisha, hawajui yuko wapi. Nilikuwa nimetenga elfu sitini. Sikujua nimtumie nani. Niliitia kwenye ada ya mtoto wa dada, lakini deni halikuwa la dada, na najua.

Kwa hiyo siku nyingine ukiona lile sinia linaelea, kabla hujaandika "malkia" na kabla hujaandika "muongo", angalia pembeni ya video. Mara nyingi kuna mkono unatoka kwenye picha.

Sasa nataka kusikia wale mnaofanya kazi za hoteli, Zanzibar, Arusha, Mombasa, popote. Kwenu wageni wa kolabo mnawaitaje, na mgao wenu unasomaje wakija? Majina ya hoteli msiweke, kazi zenu bado mnazihitaji. Mengine mwageni hapo chini.